Fimbo ya Mkwe

Wanaume wengine wakiitishwa ng'ombe na wakwe zao hulalamika mpaka majirani wachoke. Nyongesa hakuitishwa ng'ombe. Aliitishwa fimbo ya kuchezea pool, na tangu dakika hiyo akaanza kuwaonea wivu wale wa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe angalau alimjua mbele na nyuma.

"Wazee wamesema ukuje Jumamosi," Nekoye alimwambia. "Na ukuje na fimbo yako."

"Fimbo? Kwani wananiona nimezeeka?"

"Ya pool, bana."

Walikuwa wamesimama nje ya duka moja la Kitale ambako Nyongesa aliuza mbegu za mahindi na kuwashauri watu kuhusu kupe. Nekoye alikuwa mwalimu wa chekechea, na vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye sweta yake. Alikuwa akitazama viatu vyake. Nekoye akitazama viatu vyake, ujue kuna jambo amelibana nyuma ya ulimi. Lakini Nyongesa alikuwa ameshtuka mno, hakuona.

"Kwani uliwaambia nini?"

"Si waliniuliza kama unacheza. Nikasema unacheza."

"Nekoye! Mimi hata kushika sijawahi!"

"Si ndio utashika sasa?"

Haukuwa mzaha. Kabla Nekoye hajajuana na Nyongesa, kijana mmoja wa benki alikuwa amekwenda kwao Bungoma kujitambulisha. Alikunywa chai, akala kuku, akarudi na tumbo limejaa na mikono mitupu. Nekoye ndiye kitinda mimba wa nyumba ile, na alikuwa amesema waziwazi kwamba yeye haolewi kwa kutoroka. Wazee wakikataa, naye amekataa, hata kama atalia mwaka mzima. Nyongesa alimpenda huyo msichana mpaka siku nyingine alikosea akampimia mkulima dawa ya kuku badala ya dawa ya mbuzi. Kumkosa kwa sababu ya kijiti na mipira ya rangi kulimtia hofu ambayo hakuweza kumweleza mtu.

"Mzee anacheza sana?" akauliza.

"Mzee?" Nekoye akahamisha macho kutoka kwenye viatu hadi kwenye lori la mahindi lililokuwa likipita. "Mzee anacheza."

Basi Nyongesa akajitengenezea picha. Alijua mzee huyo anaitwa Mukhisa, karani mstaafu wa posta, na kwamba mke wake, Nabwile, ana hoteli ya chai na chapati yenye meza ya pool kwenye chumba cha nyuma. Kichwani mwake yule karani akageuka jitu lenye kifua kipana, limeinamia meza, linasubiri kumla mkwe.

Aliyemwendea kwa ushauri ni Tonny, jirani yake wa mtaa wa Tuwan, fundi wa simu. Tonny alikuwa mtu wa kujua kila kitu, isipokuwa kile alichoulizwa.

"Buda, hiyo si stori," alisema. "Tunaazima moja pale tunachezea. Tunaifuta vumbi, tunaenda nayo."

"Wamesema fimbo yangu, Tonny. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Basi tununue. Na tununue kitu mzee akiona anasimama wima mwenyewe."

Duka la Sukhwinder lilikuwa la zamani kuliko Nyongesa. Marehemu baba yake Sukhwinder alilianzisha kwa kuuza misumari na mabati; mwana akaongeza mipira, vikombe vya michezo ya shule na hizo fimbo, ambazo zilisimama kwenye pipa karibu na majembe. Sukhwinder mwenyewe, kilemba cha samawati na ndevu nyeupe, alikuwa ameketi nyuma ya kabati la vioo akimenya chungwa.

"Karibuni. Ni mpini ya jembe ama fimbo?"

"Fimbo, mzee," Nyongesa akasema. "Ya mtu anayeanza. Na isiwe ya bei ya kunimaliza, kwa sababu naenda kwa wakwe na bado sijanunua sukari na mkate wa kubeba."

Sukhwinder akaliweka chungwa chini. Neno wakwe linaheshimika katika kila kabila, na lake pia.

"Wakwe wanacheza pool?"

"Mzee wao anacheza."

"Pole sana," Sukhwinder akasema, na sauti yake ilionyesha kwamba anamaanisha.

Tonny tayari alikuwa ameichomoa moja kutoka kwenye pipa. Ilikuwa nyeusi ti, imezungukwa na joka la rangi ya dhahabu lenye ulimi mwekundu, na shina lake lilikuwa na vijiwe vya kumetameta kama viatu vya harusi. "Hii!" akasema. "Cheki hii! Hii ukiingia nayo kwa boma, kesi imeisha."

Nyongesa akaishika. Kusema kweli, moyo wake ulisisimka. Kila mtu ana mahali pake pa ujinga, na joka lile lilimgusa hapo hapo. Akajiona akiingia nyumbani kwa Mukhisa, joka likitangulia. Lakini Nyongesa alikuwa amelelewa na nyanya aliyegeuza kila nyanya sokoni kabla ya kununua, naye akarithi ule usumbufu. Hakununua kitu bila kukipapasa.

"Mzee, mtu anajuaje kama ni nzuri?"

"Hiyo joka haichezi," Sukhwinder akasema. "Hiyo ni rangi. Wewe angalia mti. Lete."

Akaondoa maganda ya chungwa, akailaza fimbo juu ya kioo cha kabati, akaisukuma kwa kidole. Joka likabingirika likirukaruka, tak-tak-tak, ncha ikipanda na kushuka. Hata mtu asiyejua kitu angeona kwamba limepinda.

"Umeona? Hiyo ukipiga kulia, inaenda sokoni. Na ni nzito. Mtu wa kuanza anataka ya katikati, isimvute mkono."

"Lakini inakaa poa," Tonny akalia.

"Inakaa poa kwa picha."

Nyongesa akaomba ya pili. Ilinyooka, lakini ncha yake ya ngozi ilikuwa imeliwa, na gundi ikaonekana pembeni. Akaomba ya tatu, ya nne. Sukhwinder alianza kumtazama kwa jicho jingine. Wateja wa fimbo za pool kwa kawaida huuliza rangi. Huyu alikuwa anafungua na kufunga ile skurubu ya katikati inayounganisha vipande, akisikiliza kama inacheza, na kuikwaruza ngozi ya ncha kwa ukucha.

"Hii ngozi ikiisha, inabadilishwa?"

"Inabadilishwa. Lete hapa, mimi nakuwekea mpya."

Fimbo aliyoichagua mwishowe ilikuwa chini kabisa ya pipa. Haikuwa na joka, haikuwa na vijiwe, haikuwa hata na rangi. Ilikuwa mti mtupu wa hudhurungi, vipande viwili, na mchubuko mdogo karibu na mpini. Alipoilaza kwenye kioo na kuisukuma, ilibingirika mpaka mwisho wa kabati kwa mvumo mmoja wa chini, shuuu, bila kuruka hata kidogo. Wakaibingirisha tena kwa sababu tu ule mvumo ulikuwa mtamu.

"Hii," Nyongesa akasema.

"Hii ni ufagio!" Tonny akasema. "Bro, unanipeleka Bungoma na ufagio?"

Bei yake ilimwachia Nyongesa pesa ya sukari, mkate na hata mafuta ya kupikia. Sukhwinder akamtupia mfuko mweusi mrefu wa kuibebea, bure, na kipande cha chaki ya buluu. "Ya wakwe," akasema. "Ukishinda, kuja uniambie. Ukishindwa, kuja pia, tukunywe chai."

Mazoezi ya Tuwan heri yasingesimuliwa, lakini majirani walishayasimulia. Pigo la kwanza la Nyongesa lilipita juu ya mpira mweupe bila kuugusa. La pili liliugusa, ukaruka kutoka mezani, ukatoka mlangoni na kutua katika karai la sukuma wiki la mama aliyekuwa akikatakata mboga nje. Mama yule aliingia na mpira mkono mmoja, kisu mkono wa pili, akauliza ni wa nani. Kila mtu akamwonyesha Nyongesa, Tonny wa kwanza.

"Usipige kama unaua nyoka," Tonny akamfundisha jioni ile. "Sukuma."

Alisukuma juma zima. Ilipofika Ijumaa, aliweza kuugonga mpira mweupe nao ukabaki mezani, na mara moja moja uligusa mpira mwingine, ingawa si ule alioulenga. Kuingiza shimoni ilikuwa bado ni habari ya watu wengine.

Jumamosi wakafika Bungoma, Nyongesa amebeba fimbo mgongoni na Tonny amebeba vifurushi. Hawajatoka hata stendi, mzee mmoja mwenye koti la kijivu akaushika ule mfuko mrefu mweusi kwa heshima kubwa.

"Mmefika saa nzuri. Yule jirani yangu amesukuma mpaka tena, amekula migomba yangu."

"Mzee, sisi si watu wa kupima shamba."

"Nyinyi watu wa serikali mko hivyo. Mkishapewa soda upande ule, hamnijui tena."

Ilibidi wafungue mfuko wamwonyeshe. Mzee akaitazama ile fimbo, akautazama uso wa Nyongesa, akasema kijana mkubwa kama huyu angekuwa na shamba lake. Akaondoka amekasirika. Nyongesa akaanza kuona kwamba siku hii haikuwa na nia njema naye.

Mukhisa alikuwa akiwangoja mbele ya hoteli. Lile jitu la ndotoni likayeyuka papo hapo. Alikuwa mwembamba, mpole, kalamu mbili mfukoni mwa shati kana kwamba posta ingemwita tena wakati wowote.

"Mulembe, mulembe! Kalibu, kijana. Kalibuni nyumbani. Safali ilikuwa salama?" Macho yake yakaenda moja kwa moja mgongoni kwa Nyongesa. "Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo, baba."

Mukhisa akageuza kichwa, akapaza sauti kuelekea jikoni. "Nabwile! Amekuja nayo!"

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, tulivu na nzito. "Basi ale kwanza. Mimi napaka chaki."

Nyongesa alikuwa ameinua mguu kuvuka kizingiti. Mguu ukabaki hewani.

"Baba," akasema polepole, "anayepaka chaki ni nani?"

"Mama yenu. Kwani Nekoye hakukuambia? Hiyo meza niliinunua na pesa ya kustaafu, nicheze nipumzike. Yeye akawa anacheza akingojea chai ichemke. Chai ya hoteli inachemka mala mingi, kijana." Akashusha sauti. "Tangu hiyo meza ifike, mimi sijawahi kumshinda. Hata siku ya Klismasi."

Nekoye alitokea upande wa jikoni na jagi la maji ya kunawa. Nyongesa akamtazama. Nekoye akatazama viatu.

"Ningekuambia, ungekuja?" akanong'ona huku akimwagia maji.

Hapo ndipo Nyongesa alipoielewa ile fimbo. Yeye ni Mbukusu na alijua mila, ila hakuwahi kufikiri kwamba mila na pool zinaweza kukutana mlango mmoja. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Vijana wengi wa siku hizi wameacha, wanapiga picha na mama wakwe wamekumbatiana, lakini Nabwile hakuwa mama wa kukumbatiwa. Nyumba hii ilikuwa na fimbo moja tu nzima, nayo ilikuwa yake. Mukhisa angeweza kuishika. Mkwe je? Mkono wake upite pale mkono wa mama mkwe umepita? Haiwezekani. Kwa hiyo aje na yake. Hawakuwa wanampima kama ni bingwa. Walikuwa wanajiepusha na aibu.

"Sasa tutachezaje?" Tonny akauliza, mdomo umejaa chapati. "Kama hamwezi kukaa rumu moja?"

Mukhisa alikuwa ameshapanga. Chumba cha pool kilikuwa na milango miwili yenye mapazia, mmoja wa kwenda jikoni, mwingine wa kwenda barazani. Nyongesa akipiga, mama yuko jikoni. Mama akipiga, Nyongesa yuko barazani. Mukhisa atakaa katikati kama refa na kuwaita kwa zamu. Alieleza haya yote kwa furaha ya mtu aliyepata kazi tena.

"Mgeni anafungua," sauti ya jikoni ikaamua.

Nyongesa akaingia. Akaunganisha fimbo yake, akaipaka chaki, akainama. Akasukuma. Mpira mweupe ukaenda ukaligusa lile kundi kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mwenye mbwa. Mipira miwili ikasogea kidogo. Mingine haikujisumbua.

"Amefungua!" Mukhisa akatangaza, kwa sauti kubwa kuliko tukio lenyewe. "Tokeni, tokeni. Mama anaingia."

Barazani, Nyongesa akasikiliza. Chini ya pazia aliona kandambili za kijani zikiizunguka meza bila haraka, akageuza macho upesi. Kak! ikafuatwa na gudu! la mpira kuanguka shimoni. Kak, gudu. Kak, gudu. Mama hakuwa anacheza, alikuwa anavuna.

"Manze," Tonny akanong'ona, "huyu mama ni noma. Sasa ndio ungekuwa na joka."

"Mama amekosa!" Mukhisa akaita. "Kijana!"

Nyongesa akaingia, akasukuma, na mpira mweupe ukatumbukia shimoni peke yake, polepole, ukionekana na kila mtu. Mukhisa alimtazama kijana huyu. Labda alijikumbuka. Labda ni miaka yote ile ya kushindwa mbele ya watu wanaokula chapati. Akaweka kidole mdomoni, akautoa mpira mweupe shimoni akaurudisha mezani, akachukua mmoja wa ile mipira isiyo na mistari, iliyokuwa upande wa Nyongesa, akausogeza mpaka ukingoni, akakohoa kwa nguvu na kuudondosha. Gudu.

"Ameingiza!" akatangaza. Macho yake yaling'aa kama ya mtoto aliyeiba sukari.

Tonny akamwinulia dole gumba. Mkwe hambishii baba mkwe katika ziara ya kwanza. Na ukweli ni kwamba Nyongesa alifurahi, akajichukia kidogo, akafurahi tena.

Mchezo ukaendelea hivyo. Mama akiingia, kandambili zinatembea, kak na gudu, halafu anakosa. Kijana akiingia, anasukuma, mpira haufiki popote, Mukhisa anakohoa. Kila zamu mzee alizidi kuwa jasiri. Mara alidondosha miwili pamoja na kukohoa kikohozi kirefu cha kuifunika yote. "Huyu kijana ni moto!" akapiga kelele. "Nabwile, leo umepatikana!"

Mwishowe upande wa Nyongesa ukabaki mpira mweusi tu. Ukiingia huo, ameshinda. Mukhisa tayari alikuwa ameuzungushia vidole, koo limeandaliwa. Nyongesa akaiona siku hiyo mpaka mwisho wake. Watapiga vigelegele, atapewa Nekoye, na Krismasi ijayo familia yote itamwita mezani. Na Pasaka. Na kila msiba na kila harusi, binamu watamwomba awaonyeshe, naye atakuwa anamtafuta baba mkwe akohoe. Mukhisa naye alikuwa mtu mzima. Kifua kile kingekohoa mpaka lini? Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefika ukutani. Tena yule mwanamke nyuma ya pazia alikuwa mama yake Nekoye. Akianza kwa kumdanganya, atamwangaliaje binti yake asubuhi?

"Baba, tafadhali," akasema. "Acha huo."

"Nini?" Mukhisa akanong'ona. "Ni mmoja tu!"

Nyongesa akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Baba, mwambie mama kwamba mimi sijui kucheza. Fimbo hii nimeinunua juma hili. Sijaingiza mpira hata mmoja. Nilitaka tu mnipe Nekoye, kwa sababu nampenda. Basi. Mwambie na pole."

Mukhisa akaligeukia pazia. "Nabwile, kijana anasema..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Tonny aliacha kutafuna.

"Mukhisa," sauti ya mama ikasema, "mpira wa kugongwa unalia mara mbili. Unalia ukigongwa, unalia ukianguka. Hiyo yenu ilikuwa inalia mara moja, na katikati kuna mtu ana kifua kikuu."

Mukhisa akajifanya anatafuta kalamu.

"Sasa rudisha hiyo mipira yote kwa meza. Kwa mkono. Si umezoea?" Akatua. "Na huyo kijana aache fimbo yake hapo juu ya kitambaa, atoke nje."

Nyongesa akailaza fimbo yake mezani, akatoka barazani, akakaa kwenye benchi. Basi, imekwisha, alijiambia. Angalau ametoka na ukweli wake. Nekoye alikuja akazunguka nyumba, akasimama karibu naye, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakutazama viatu. Alimtazama yeye, macho yamemjaa machozi.

"Umeharibu," akasema.

"Najua."

"Hapana, nyamaza. Sikiliza."

Ndani, kandambili zilikwenda mpaka mezani zikasimama. Mama hakuigusa fimbo ya mkwe kwa mkono, hilo lisingewezekana. Aliisukuma kwa ncha ya fimbo yake mwenyewe. Na Nyongesa akausikia, umepunguzwa na kitambaa lakini ni uleule wa juu ya kioo cha Sukhwinder, mvumo mmoja wa chini usioruka. Shuuu. Kisha ukarudi. Shuuu. Aliibingirisha tena, labda kwa sababu ulikuwa mtamu.

"Mukhisa, muulize fimbo ilichaguliwa na nani."

Mukhisa akatoa kichwa nje ya pazia. "Anauliza fimbo ilichaguliwa na nani."

"Nilichagua mwenyewe, baba."

"Na huyo rafiki yake alitaka gani?" mama akauliza kutoka ndani.

Tonny, aliyekuwa ametoka naye barazani, akatazama angani. "Alitaka ya joka," Nyongesa akasema.

Kutoka ndani kikaja kicheko, kifupi, kilichomponyoka mwenyewe bila ruhusa. "Yule wa benki alikuja na joka," mama akasema. "Alijua kucheza sana. Alinishinda. Nilipoilaza fimbo yake hapa, ikaruka kama mbuzi, na yeye hata hakuwa anajua imepinda. Ati aliipenda rangi. Nikajiuliza, na huyu mtoto wangu amependa nini kwake?"

Nekoye aliushika mkono wa Nyongesa, akaubana mpaka ukauma.

"Kupiga nitamfundisha," mama akaendelea. "Mimi niko huku, yeye yuko huko, atasikia vile inalia. Mukhisa!"

"Naam!"

"Lete nyundo na msumari. Piga kwa huo ukuta mwingine, mbali na yangu. Fimbo yake itakaa hapa."

Mukhisa akatoka mbio kutafuta nyundo, na nyundo ikiwa bado haijapatikana, Nekoye alikuwa tayari analia kwa furaha na Tonny alikuwa tayari anawaeleza wateja wa chapati kwamba ile fimbo ni yeye aliyeichagua.